Njia ya Lori la Baba

Vijana wanashindilia moramu mbele ya nyumba ya jirani, na harufu ya udongo mwekundu uliomwagiwa maji inanifikia hadi jikoni.

Harufu hiyo ilijaa uani kwetu nilipokuwa mtoto, kijijini kusini mwa Lindi. Baba alikuwa dereva wa lori na alikuja nyumbani kwa nadra. Safari moja lori lilizama kwenye tope karibu na mlango, akaondoka amenuna.

"Mkitaka nije, tengenezeni njia," alimwambia mama.

Mama akaitengeneza. Alichimba udongo mweusi wote akautupa, akapanga mawe makubwa chini. Nilibeba moramu kwa karai, naye akaishindilia kwa gogo mpaka viganja vikachubuka. Mimi nilitaka tumwage kokoto upesi, maana zilipendeza.

"Subiri, mwanangu," alisema. "Hapa chini bado pananesa. Kokoto zote zitamezwa."

Baba alikuja baada ya mvua kubwa. Lori lilipita juu ya kokoto likasimama mlangoni kabisa. Nilimkimbilia.

"Shikamoo, baba!"

"Marahaba," alijibu, akanipita akaingia ndani.

Alipakia kitanda, kabati na sanduku lake la nguo, akaondoka bila hata kunywa maji.

Mama alisimama pale mpaka mngurumo ukapotea. Kisha akachukua reki, akaanza kusawazisha kokoto taratibu.

"Umeona?" aliniuliza bila kugeuka. "Halikuzama."