Penseli Kwenye Uji

Majina ya madaktari wote waliompima mzee wangu nayakumbuka, mpaka la yule wa mwisho, kijana mpole wa pale Thika, aliyeniambia ini limekwisha, turudi tu nyumbani Gatuanyaga. Siyaandiki hapa. Hakuna aliyenikosea.

Wiki hiyo mjukuu wetu alinipeleka chuoni kwao Ruiru nione kazi yake. Alinivalisha koti jeupe, wenzake wakacheka kumwona bibi kavaa hivyo, "Daktari Shosho!" Akachukua kichupa chenye maji ya zambarau, akatia unga mweusi kidogo. Tukangoja. Zambarau ikafifia, ikafifia, yakabaki maji ya manjano. Wao wakafurahi. Mimi manjano hiyo nilikuwa naiona kila asubuhi machoni pa mzee.

"Mwilini kuna vitu vimepungukiwa," akanieleza. "Vinanyang'anya jirani, jirani naye ananyang'anya mwingine, mpaka mwili unaharibika. Huu unga unavituliza. Unaitwa grafini."

"Unatoka wapi?"

"Ni ile nyeusi ya penseli, Shosho. Tunaichambua mpaka inakuwa nyembamba kuliko kitu chochote."

"Basi nipe kijiko kimoja nimpelekee mzee wangu, guka yako."

Alidhani natania. Aliponiangalia vizuri, akanishika mkono. "Hiki ni kichupa. Guka si kichupa. Unga huu ukiingia mwilini unaweza hata kumuumiza. Bado hatujui."

"Mtajua lini?"

Akaanza kunivua lile koti.

Asubuhi yake nikatoa penseli kwa droo, nikaipasua kwa kisu, nikaponda ile nyeusi ya ndani, nikaikoroga kwa uji. Maisha yangu yote nimepika nikijua ninachopika. Siku hiyo sikujua.

Mzee akachungulia kikombe.

"Leo umeunguza, mama?"

"Nimeunguza."

"Tangu nikuoe hujaunguza uji. Sasa umezeeka kweli." Akacheka, na kule kucheka kukamchosha. Halafu akafungua mdomo. "Lete tu. Si ni wewe umepika?"

Kijiko kilikuwa kimejaa, kimefika karibu na ndevu zake. Mkono ukakataa. Nikatoka nje, nikaumwaga uji ule nyuma ya choo, pale kuku hawafiki, nikarudi nikateleka mwingine, uji wa mahindi tu, mweupe.

Alikunywa vijiko vitatu, akasema ni mtamu. Nilikuwa nimesahau sukari.