Mgomba Tuliouzika kwa Jina Lake

Habari za kifo chake zilinifikia asubuhi kutoka Butembo, na swali langu la kwanza lilikuwa, "Safari hii maiti ipo?" Aliyenipigia simu hakuniona mkosa adabu. "Iko," akasema, "tuliigusa wote." Wasomaji wangu mtanivumilia. Marehemu huyu, mwuza mafuta ya mawese na sauti nzito kuliko zote katika kwaya ya parokia yetu, alikwisha kufa mara moja wakati wa vita, na kifo kile kilimpa taabu kuliko hiki.

Alikuwa amekwenda Eringeti na baiskeli yake kutafuta mafuta. Mapigano yakafunga barabara ya Beni, na msafiri mmoja akaleta habari kwamba ameiona baiskeli ile kando ya njia, madumu yametobolewa, mwenyewe hayupo. Tukangoja, miezi ikapita. Kwetu mtu asipopatikana haliachwi kaburi bila kitu. Hukatwa mgomba, ukavikwa nguo zake na kulazwa mahali pake, ili mama apate pa kulilia. Mjomba wake akaleta mgomba, mama yake akauvika suti ya Jumapili, tukauombea, tukalia, tukaanua matanga. Walio hai walikuwa na mambo mengi miaka ile: leo askari hawa, kesho wale, na kila kundi linataka kuku wako.

Jumapili moja, katika mstari wa komunyo, nikaona mgongo ninaoujua. Amekonda, miguu imejaa vidonda. Waliomteka walikuwa wamemlimisha msituni mpaka akapata upenyo wa kukimbia, na alikuja kanisani kabla hata ya kufika kwake. Katekista wetu, mzee ambaye kazi yake ilikuwa kuangalia asiyestahili asiikaribie meza ya Bwana, akanyoosha mkono. "Weye, hapana. Tulishakuzika."

"Mais, lakini mimi niko hapa!"

"Kaburi yako iko kule. Mutu wa kaburi tunamuombea, hapana kumukomunisha."

Kwaya ikanyamaza, isipokuwa mpiga ngoma, ambaye alikuwa amefumba macho kwa ibada. Padri alisimama na hostia mkononi, akamtazama huyu, akamtazama yule, kisha akasema kwa upole kwamba mambo ya familia yatengenezwe kwanza. Nilikuwa nyuma ya mtu wetu katika mstari, nikamsikia akijibu, "Mon père, niko na njala ya huyu Yesu tangu Eringeti." Akaondoka bila kupokea. Nikikumbuka, hasira inanipanda mpaka leo, maana muda mfupi kabla ya hapo sisi sote tulikuwa tumeimba kwamba tunasadiki ufufuko wa wafu, kwa sauti za kupasua mabati.

Nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Aliyekwisha kuliliwa haingii uani kabla mgomba wake haujatolewa ardhini, basi akaketishwa juu ya jiwe nje ya ua, huku mkewe akilia ndani, ameshikwa na mashangazi. Tukaenda na majembe kaburini, pale kando ya ua. Lo! Mjomba, badala ya kukata shina tupu kama desturi, alikuwa amelileta na mzizi wake, na mgomba ulikuwa umechipua, umeitoboa suti, umetoa majani. Wazee wakatupa majembe, wakaanza kubishana. "Tukiing'oa, tunamuua," akasema mmoja. "Tukiiacha, donc, basi, wako wawili," akajibu mwingine. "Bibi yake atapikia nani?" Katekista akataka jambo lipelekwe kwa askofu. Jua likageuka, na mtu wetu yuko juu ya jiwe lake, hana wa kumpa hata maji.

Ndipo mama yake akawaacha wakibishana. Akaingia jikoni, akatoka na sahani ya bugali na kipande cha samaki, akawapita wazee bila kuomba njia. Akamega tonge, akaliambatanisha na samaki, akamtilia mwanawe kinywani kwa mkono wake mwenyewe. Sote tukakodoa macho. Akatafuna. Akameza.

"Muzimu hapana kula samaki," mama akasema. "Huyu ni mutoto wangu. Ile mugomba muiache, itazaa."

Akamshika mkono, akamwingiza ndani. Alasiri ile ile padri alimletea komunyo, akampa hapo hapo mezani, karibu na ile sahani ambayo bado haijaoshwa, na katekista akashika mshumaa, amenuna.

Bwana wetu naye alipofufuka, rafiki zake walimdhania mzuka, naye akawauliza kama wana kitu cha kula. Wakampa samaki. Vita vyetu vimewarudisha wengi: waliotekwa, wasichana wenye watoto wasio na baba, vijana waliobebeshwa bunduki. Tunawaketisha nje ya ua, na huku ndani sisi tunajadili kama wanastahili. Anayesadiki ufufuko asingoje wazee wamalize. Apeleke sahani.