Gunia la Kurudi

Jina la Winchi alipewa na madereva wa malori, si wenzake. Dereva mmoja alimwona akishuka kwenye ubao wa lori na magunia mawili ya mahindi, moja juu ya jingine, shingo imenyooka kama hajabeba kitu, akauliza ghala hili limenunua lini winchi ya kunyanyulia mizigo. Tangu hapo jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye cheti na kinywani mwa mkewe, naye mkewe alilitaja tu akiwa amekasirika.

Alivuta sigara kabla ya chai na nyingine baada ya chai. Presha alijua anayo, kwani aliwahi kupimwa bure karibu na soko, akapewa vidonge, akavinywa mpaka vikaisha. Vilipoisha akaamua kwamba na presha nayo imeisha. Mkewe, aliyekuwa akishona mapazia nyumbani, alimwambia presha si chupa ya soda. Alicheka, akawasha sigara.

Ukoo wao ulikuwa na msemo wake. Baba yao alikufa ghafla akiwa ameshika kiuno. Kaka yao mkubwa, mwashi, alitoka bafuni akilalamika mgongo na hakufika hospitali. Basi wakasema wanaume wa kwao hawaugui, wanaondoka na mgongo, nao waliamini kwamba mgongo huo ni kazi nzito. Ndiyo maana mdogo wao wa mwisho alikimbilia ukarani kwenye duka la vipuri, akaapa kwamba kitu kizito atakachobeba ni kalamu. Winchi alimwita Karani Unyoya.

Ghalani walifanya kazi wawili wawili. Mmoja husimama juu ya lori, akamtwika mwenzake gunia shingoni. Mwenzake hushuka nalo hadi ndani. Lori likiisha wanabadilishana. Winchi alikuwa na mtu wake waliyeanza naye kazi wakiwa vijana, na kwa vile hawakuachana, ghala zima lilimwita Pacha, ingawa kimo alimfikia Winchi begani.

Palikuwa na sheria moja ambayo nyapara aliisimamia kuliko zote. Mtu akiugua, akirudi, gunia la kwanza la siku analibeba peke yake, wengine wote wamesimama wanatazama. Waliliita gunia la kurudi. Lilianza kwa wema. Zamani mtu mmoja alirudi na ngiri ambayo haijapona, gunia likamtoka shingoni, likamvunja mguu aliyekuwa nyuma yake. Nyapara akasema kuanzia leo hakuna wa kujisemea amepona, mwili wake ndio utasema. Asiyeweza alipewa ufagio na sindano ya kushonea magunia yaliyochanika, bila kusimangwa na nyapara. Wenzake walimsimanga.

Maumivu ya Winchi yalianzia ubavuni, yakashuka mpaka kwenye kinena, makali kiasi kwamba mtu yule mzima alijikunja sakafuni akiomba auawe. Mkewe alimpeleka hospitali. Wakaambiwa huenda ni jiwe la figo, akapimwe kwa ultrasaundi.

Daktari wa kipimo alikuwa binti mdogo. Alimpaka mafuta ya baridi tumboni, Winchi akamuuliza kama anatafuta mtoto wa kike au wa kiume. Binti alicheka kidogo. Akalipata jiwe, akawaonyesha kwenye kioo: kidoti cheupe, jiwe dogo, litatoka lenyewe kwa maji mengi. Kisha akakihamishia kifaa katikati ya tumbo, juu kidogo ya kitovu. Alipima, akafuta, akapima tena. Mkewe aliona mzaha umeondoka usoni mwa yule binti, na ndipo akausogeza mkoba wake kifuani.

Daktari alisema hilo jiwe lisiwatishe, bali wamshukuru Mungu kwa kuwa lingekaa kimya wasingekuja. Akaeleza kwamba mshipa mkuu wa damu, ule unaotoka kwenye moyo na kupita mbele ya uti wa mgongo, umetuna. Kwa kawaida upana wake ni kama kidole gumba. Huu wa mzee umekaribia ngumi ya mtoto, na ukuta wake unazidi kuwa mwembamba.

"Mbona hauniumi?" Winchi akauliza.

"Hauumi, mzee. Ukianza kuuma, muda unakuwa umekwisha."

"Umepasuka?" mkewe akauliza.

"Bado, mama."

Neno hilo moja lilimkaa mkewe kifuani kuliko maelezo yote. Daktari aliuliza kama kuna mtu katika familia aliyekufa ghafla. Winchi alisema hakuna. Mkewe akasema wapo, wawili, na akasimulia habari za mgongo. Binti aliacha kuandika, akauliza kama kuna ndugu mwingine aliye hai. Yupo mmoja, karani. Naye aje apimwe, binti akasema, maana jambo hili hufuata damu. Winchi alicheka mpaka mafuta yakamtiririka ubavuni, akasema Karani Unyoya hajawahi kubeba hata ndoo ya maji. Daktari hakucheka. Alimkataza kubeba kitu chochote kizito, alimkataza sigara, akampa siku ya kumwona daktari wa upasuaji katika hospitali kubwa, tena akamwambia asiikose.

Siku chache baadaye jiwe likatoka. Lilitoka kwa kilio, lakini lilitoka, na asubuhi yake Winchi aliamka mwepesi kama aliyevuliwa koti la mvua. Alilisuuza jiwe, akalitia kwenye kiberiti kitupu, akazunguka nalo mtaani kumwonyesha kila aliyetaka na asiyetaka. Mkewe akimkumbusha mshipa, alijibu kwamba ugonjwa ulioonekana kwa macho ndio huu, na huu umetoka. Daktari wa upasuaji ataonwa msimu wa mavuno ukiisha, kwa sasa malori yamejipanga mpaka barabarani. Alimkanya asimwambie mtu. Mwanamume akishaitwa mgonjwa, alisema, hata chumvi hapewi abebe.

Mkewe hakumtii. Asubuhi ya gunia la kurudi alimfuata ghalani, akiwa bado na sindano ya mapazia imechomekwa kwenye nguo. Aliwakuta wamesimama kwenye ubao, Pacha yuko juu ya lori, gunia limeshasogezwa ukingoni. Alimwendea nyapara, akamwambia mbele ya wote kwamba mume wake amekatazwa kubeba, ana mshipa umevimba tumboni, unaweza kupasuka.

Nyapara alinyanyua mkono, kazi ikasimama. Alimuuliza Winchi kama ni kweli.

Winchi hakumtazama mkewe. Alitoa kiberiti mfukoni, akakifungua, akakipitisha mbele ya nyuso zao.

"Ugonjwa wenyewe huu hapa," akasema. "Anayetaka kuubeba aubebe."

Walicheka wote. Mmoja akasema shemeji anataka mume wa kumshikia mita ya mapazia. Mwingine akasema mishipa ya Winchi yote imevimba tangu azaliwe. Pacha naye alicheka, ingawa si sana, na akauliza kutoka juu, kwa sauti ya chini, "Una hakika, bwana?"

"Twika."

Pacha akamtwika. Winchi alishuka ubaoni, akaingia ghalani, akalibwaga gunia, akatoka akipangusa shingo. Hakuna kilichotokea. Walimpigia makofi, na mkewe akaondoka akitazama chini, kwa maana mbele ya watu wote wale yeye ndiye aliyekuwa mwongo.

Jioni hiyo Winchi alikula vizuri, hakumgombeza. Alimwambia kwa upole kwamba ameona mwenyewe. Naye, kwa muda, alitaka sana kuamini.

Alifanya kazi wiki nzima na zaidi. Siku yenyewe hakuwa amebeba kitu. Alikuwa ameketi kwenye kiti kidogo cha mlangoni anavaa viatu, akanyanyuka nusu, akashika kiuno. Akamwita mkewe kwa jina. Akasema, "Mgongo." Mkewe alipomfikia, uso wake ulishakuwa wa majivu na jasho linamtoka kama ametoka kuoga. Jirani alileta gari. Njiani aliuliza mara mbili kama mlango wameufunga. Kwenye geti la hospitali hakuuliza tena.

Msibani watu wa ghala walikuja wote, wamevaa mashati yaliyopigwa pasi. Kwenye mkeka, mzee mmoja wa ukoo alitikisa kichwa na kusema yale yale, kwamba wanaume wa kwao huondoka na mgongo. Mwingine akaongeza: mficha maradhi, kilio humuumbua. Alisema kwa sauti ya hekima, huku akimtazama mjane.

"Hayakufichwa," mjane akasema. "Niliyasema ghalani, mchana kweupe. Mkacheka."

Nyapara aliangalia viatu vyake. Pacha alisimama, akatoka nje bila kuaga, na wiki iliyofuata alipoitwa kupanda lori aliomba apewe ufagio. Walimwuliza anaumwa wapi. Alisema haumwi.

Mjane hakuuacha mkeka upoe. Alimbana Karani kila alipokuja kumpa pole. Karani alikuwa na majibu yake: hajabeba mzigo, hana kitambi, sigara ni mbili tatu tu. Alisema shemeji ana uchungu, na uchungu huona maiti kila kona. Mwishowe alikubali kwenda peke yake, ili amnyamazishe shemeji.

Alirudi jioni. Hakupita mbele kama kawaida, alipitia uani, akamkuta mjane anakunja pazia la mteja. Alikaa kwenye kiti kile kidogo, akasema uvimbe upo. Mdogo kuliko wa kaka, wamesema wataupima kila baada ya miezi kadhaa, aache sigara, ukikua watamfanyia upasuaji mapema. Alijaribu kutania kwamba kumbe kalamu nazo ni nzito.

Mjane aliweka pazia chini.

"Ila shemeji, nakuomba kitu kimoja," Karani akasema. "Mke wangu asijue kwanza. Atanipigia kelele, kazini watasikia, nitaonekana sifai. Nipe mpaka mwisho wa mwaka."

Karani alikuwa na pua ya kaka yake, na mkono wake ulishaanza kutafuta sigara kwenye mfuko wa shati. Mjane alichukua simu juu ya cherehani, akapiga, akasubiri huku inaita.

"Shemeji," Karani akasema. "Tafadhali."

Upande wa pili sauti ya kike ikaitika, imechangamka, ikamsalimia dada. Mjane aliitikia salamu. Kisha akamwomba aache alichokuwa anafanya, akae chini.