Mlima Nilioujenga kwa Ajili Yake

Mume wangu alipoondoka nyumbani kwetu Tunduma hakuchukua kitanda, hakuchukua televisheni, wala hakuuliza habari ya kiwanja. Alichukua treni. Aliifunga kwenye kanga yangu, akaitia ndani ya sanduku la mbao nililokuwa nikihifadhia vifaa vya kazi, vifaa vyenyewe akavimwaga sakafuni. Akalikumbatia sanduku kifuani na kutoka nalo kama mtu anayewahisha mtoto zahanati.

Wengi niliowasimulia habari hii walidhani nalilia kitu cha kuchezea watoto. Treni ile haikuzidi urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, lakini ilikuwa treni kweli. Ilikuwa na boila la shaba, maji ndani, moto wa spiriti chini yake, na mvuke uliosukuma pistoni. Unawasha utambi, unasubiri geji ipande, unafungua valvu taratibu, nayo inaondoka yenyewe ikitema moshi mweupe na kunukia mafuta ya moto.

Yeye alikuwa fundi wa karakana ya vichwa vya treni. Siku moja treni ya abiria ilichelewa kuondoka hapa kwetu, na mzee mmoja mgeni, katika kupoteza muda, akamwonyesha kwenye simu reli aliyoijenga bustanini kwake, na vichwa vidogo vya mvuke vikipita chini ya maua. Mume wangu alirudi nyumbani akasahau hata kula. Alinionyesha picha kama hizo mtandaoni, akaniuliza kama ninaweza kutengeneza boila. Mimi ni fundi friji. Kuunganisha bomba la shaba kwa fimbo ya fedha, pasipo kuvuja hata pumzi, ndiyo kazi inayonilisha. Nikamwambia ninaweza.

Basi yeye akakereza magurudumu na pistoni, mimi nikachomelea boila. Kipande cha shaba tulichopata kilikuwa kifupi, kwa hiyo boila likawa dogo. Nililijaza maji, nikalibana kwa pampu kupita kiasi kitakachohitajika, nikaliacha hivyo mchana kutwa, na halikutoa hata tone. Siku tuliyoiendesha kwa mara ya kwanza uani, kwenye kipande cha reli cha kwenda na kurudi, alinishika mkono. Nasema hilo kwa sababu lilitokea.

Alihamia kwa mwanamke mwenye gesti karibu na barabara ya malori. Niliumia kama wanavyoumia wengine, nikanyamaza kama wanavyonyamaza wengine, na nadhani ningebaki kimya hadi leo kama friza la gesti ile lisingeharibika. Aliyenipigia alikuwa mpishi. Hakujua mimi ni nani, na mimi sikukataa kazi.

Friza lilikuwa kwenye baraza la nyuma, na baraza lile linatazama bustani. Nikiwa nimepiga magoti nyuma ya mashine nilisikia mlio ninaoujua. Nilichungulia. Mume wangu alikuwa ametandika reli kuzunguka maua ya gesti, na treni yetu ilikuwa inakimbia, huku madereva wanaosubiri kuvuka mpaka wakipiga picha. Mmoja wao, Mzambia kwa lafudhi yake, alimuuliza lile boila limetoka nchi gani.

“Hapahapa Tunduma,” mume wangu akasema. “Nimelichomelea mwenyewe, kwa mikono hii.”

Akainua mikono waione. Katika kuigeuza ndipo aliponiona. Sikuwa nimejificha, nilikuwa nimesimama na bisibisi mkononi. Nilitegemea aone haya, au hata aondoke. Alinitazama kama unavyomtazama mtu uliyemwita kazini.

“Fundi,” akasema, “ukimaliza hapo, pitia jikoni wakupe chai.”

Nilimaliza kutengeneza friza lile, tena vizuri. Nilikusanya vifaa vyangu nikaondoka bila kunywa chai ya mtu. Kabla sijafika stendi nilikuwa nimeshaamua nitakachomfanyia.

Mama yangu anaishi Iyula, kwenye shamba la kahawa alilobaki nalo baada ya baba kufariki. Nyuma ya nyumba yake kuna uwanja tambarare wa kuanikia kahawa, na baada ya uwanja ardhi inapanda ghafla hadi kwenye migomba. Nilimwomba mahali hapo. Aliniuliza pa kufanyia nini, nikamweleza kila kitu, pamoja na reli ya kupanda mlima niliyotaka kuijenga pale. Niliogopa ataniambia nisamehe, kwa sababu ni mtu wa kanisani na alimpenda sana mkwewe. Alinisikiliza huku akichambua mbegu za maharage. Kisha akauliza swali moja tu.

“Treni yake itaupanda mlima huo?”

“Haitaupanda, mama.”

“Basi jenga.”

Kila Jumamosi nilifunga kazi mapema nikapanda gari kwenda Iyula. Reli niliitengeneza kwa flati nyembamba za chuma zilizosimamishwa kwa ubavu. Mataruma niliyachonga kutoka kwenye mashina ya mibuni mizee ambayo mama alikuwa ameing'oa. Mti wa kahawa ni mgumu, misumari inalia unapoipigilia. Upana wa reli niliupima uwe sawasawa na magurudumu ya treni yetu, maana lazima ya kwake iweze kupita. Nilitaka aje na treni yake, aiweke juu ya reli yangu kwa mikono yake mwenyewe, na aione inashindwa.

Nililijua boila lile kuliko yeye. Nilijua mvuke wake unatosha tambarare, na kwamba unaisha upesi ukibebeshwa kazi. Nilijua pia treni yenyewe ni nyepesi, hivyo magurudumu yangeteleza kabla hata ya pumzi kukatika. Nilichukua pima maji na ubao, nikaupanga mlima polepole. Mwanzoni unainuka kidogo ili mtu asiwe na wasiwasi, ndipo baada ya kona unakaza. Pale penye kukaza nilijenga daraja la mawe, mahali ambapo watu waliokaa uwanjani wanaona bila kunyanyuka.

Ya kwangu niliitengeneza iende polepole. Nilinunua keke mbili za mkono, zile za kutobolea mbao, kwenye vyuma chakavu, nikatoa gia zake, nikazifunga kati ya pistoni na magurudumu. Pistoni zinahangaika sana, magurudumu yanazunguka kidogo, lakini yakishika hayaachii. Boila nililifanya nene na refu. Ukiitazama ikienda unaweza kudhani inatafuta kitu ilichoangusha. Inafanana na kobe na sijawahi kuona aibu kwa hilo.

Mapambo ndiyo yaliyonichukua muda mrefu kuliko yote. Ningeweza kuyaacha, kwa kuwa mtego ulikuwa tayari, lakini nilitaka atakapokuja aone mahali ambapo asingeweza kupatengeneza. Chini, kando ya uwanja, nilijenga Tunduma. Malori ya mabati ya makopo yamepanga foleni kuelekea mpakani, na turubai zake ni vipande vya mifuko ya unga vilivyopakwa masizi. Wabadilisha fedha wa waya wamesimama na vibegi vyao kifuani. Juu kuna vichanja vya kahawa vya njiti na chekecheke za wavu wa dirisha, na kahawa yenyewe ni mbegu za ulezi. Kokoto za reli nilizichekecha hadi zikawa sawa na punje za mahindi yaliyoparazwa. Mama alipanda majani madogo madogo kati ya nyumba, akawa anayapunguza kwa mkasi wa kushonea. Siku moja nilimkuta amepiga magoti anapaka chokaa ukuta wa kanisa usiozidi kiganja, anaimba. Alinitazama akasema kwa Kinyiha kwamba adui akija lazima akute nyumba safi.

Kumpata haikuwa kazi. Mtoto wa mjomba alipata kipaimara, sherehe ikafanyika kwa mama. Nikamwambia wifi yangu, ambaye siri hukaa kwake kama maji kwenye chujio, kwamba nimejenga reli ndefu ila sina treni ya maana ya kuipitisha. Wifi alifanya kazi yake. Siku ya sherehe gari la mwenye gesti lilisimama uani, mume wangu akashuka katika suti, akiwa na sanduku langu. Yule mwanamke alimfuata nyuma, akanisalimia kwa heshima. Nilimwitikia, kwani sikuwa na shida naye siku hiyo.

Mume wangu alizunguka reli yote akiwa ameweka mikono nyuma. Alisema kazi ni nzuri, kwa sauti ya mkaguzi. Akaniuliza kama nimejenga mwenyewe, nikamwambia nimesaidiana na mama. Akacheka.

Aliwasha. Wageni walisogea, wanakwaya na majirani, hata padri akaleta kiti chake. Treni iliondoka vizuri sana. Nakiri ilinifurahisha kuiona. Ilizunguka uwanja mzima kwa kasi, ikapita mbele ya malori, watu wakapiga makofi, naye akawa anaeleza habari za mvuke kama mwalimu. Ilipouanza mlima bado alikuwa anaongea.

Baada ya kona ilipunguza mwendo. Juu ya daraja magurudumu yakaanza kuteleza, yanazunguka pale pale kwa mlio wa kukwaruza. Akasema reli ina mafuta. Alitoa kitambaa cha suti akaifuta. Akaongeza mvuke, magurudumu yakazunguka kasi zaidi na treni haikusogea. Akafungua mabehewa yote, yakateremka hadi chini ya mlima, akabaki na kichwa kitupu. Kilisogea kidogo, kikasimama, kikaanza kurudi nyuma chenyewe. Alikizuia kwa kidole hadi kikatulia, akaliunguza boila, namaanisha boila ndilo lililomuunguza yeye, akauvuta mkono na kukitia kidole mdomoni. Watu walianza kucheka, kwanza watoto, kisha wanakwaya. Geji ilikuwa imeshuka hadi chini.

Nilikuwa nimeshawasha ya kwangu nyuma ya migomba michache iliyo chini kando ya uwanja, ambako hakuna aliyeangalia. Niliifungulia. Ilitokea taratibu mno, hadi watu waliokuwa wakicheka wakageuka kuitazama. Ilipita Tunduma, ikafika penye mabehewa yake, ikayagusa na kuyasukuma, ikapanda, ikafikia kichwa chake darajani na kukisukuma nacho. Vyote vikapanda pamoja hadi vichanja vya kahawa, bila kuteleza mahali popote. Mume wangu alitembea kando yake. Hakuwa na mahali pengine pa kwenda.

Padri aliniuliza nani alinitengenezea mashine yenye nguvu hivyo. Hapo ndipo nilipopaza sauti, ili na walio nyuma wasikie.

“Nimeitengeneza mimi, baba. Na boila la ile ya mbele nimelichomelea mimi pia. Muulizeni mwenyewe.”

Hakuna aliyemuuliza isipokuwa yule mwanamke wake. Alisogea hadi mbele yake.

“Si uliniambia ni wewe?”

Kidole cha mume wangu kilikuwa bado mdomoni. Kisha akakitoa.

“Boila ni lake,” akasema.

Sitadanganya kwamba nilimhurumia. Nimesikia watu wakisema kisasi kikishatimia huwa kitupu, hakina ladha. Changu kilikuwa na ladha. Nilikula wali na nyama mara mbili siku ile, nikacheza na wanakwaya, na usingizi wa kwa mama haujawahi kuwa mtamu vile. Waliondoka kabla ya keki. Mwanamke ndiye aliyeendesha gari, na hakuna aliyemwona akigeuka kumtazama.

Treni waliichukua. Nilidhani ningeitaka, lakini ilipowekwa garini sikuhisi kitu. Miezi michache baadaye mume wangu alinipigia simu. Alisema bustani ya gesti imewekwa meza za wageni na hana tena pa kuiendeshea. Akaomba, kwa sauti ya chini, nimfundishe namna ya kufunga gia, na kama anaweza kuja Iyula Jumapili mojamoja. Nilimwambia hapana. Alisema watu wazima hawawekeani mambo moyoni. Nikamwambia mimi naweka, nikakata.

Padri husema nami juu ya jambo hilo kila akija kwa mama, nami humsikiliza, kisha tunawasha treni anaitazama. Mama ndiye aliyefinyanga mtu wa udongo mwenye suti, aliyesimama darajani ameweka kidole mdomoni. Mvua za masika zilimyeyusha, akabaki miguu. Wageni wanaokuja Jumapili kuitazama reli waliulizia alikokwenda. Wiki iliyofuata nilikata kipande cha bomba la shaba kazini, nikakaa nacho mezani mchana mzima, nikamtengeneza upya na kumchomelea miguu kwenye bati. Nilianza na mkono, kwa sababu kidole ndicho kigumu.