Ua Lililoacha Kumngoja Nyuki

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha utafiti wa mimea karibu na Njoro, nilipewa mkasi, uzi na pazia kuukuu la neti. Nikadhani nimeajiriwa kushona. Daktari wa mimea, mama mkali asiyependa porojo, akanionyesha ua la zambarau la mwituni.

"Shona vifuko, ufunike matumba kabla hayajafunguka. Nyuki asiguse."

"Sasa daktari, litazaaje?"

"Halitazaa. Bila nyuki ua hili limekwisha. Siku likizaa ndani ya kifuko, kuja uniambie mbio."

Kwa miaka mingi vifuko vyangu vilitoa maua makavu matupu, na nilifurahi, kwa sababu yale ya nje yalijaa nyuki na mbegu. Halafu mashamba jirani yakaanza kupulizia dawa. Nyuki wakafa, mizinga yao ikanyamaza.

Ua likabadilika nikiliona, msimu kwa msimu. Likawa dogo, harufu ikafifia, maji yake matamu ya kumvuta nyuki yakakauka. Msidhani liliamua. Yale makubwa yaliyomngoja nyuki yalikufa bila mbegu. Machache yaliyoweza kujidondoshea chavua, ule unga wa uzazi, ndiyo yaliyozaa, na watoto wakafuata wazazi.

Siku moja nikafungua kifuko, nikakuta mbegu. Woi! Nilikimbia nikilia. Lakini daktari alikuwa ameshastaafu, na msimamizi mpya wa kituo akacheka.

"Mathe, si hii ni habari njema? Limejiokoa."

"Limejiokoa wapi, boss? Daktari alinifundisha: linalojizalia peke yake halipati damu mpya. Ugonjwa mmoja tu, yote yanaenda."

Nilimsumbua mpaka, majirani walipoacha ile dawa, akakubali tulete nyuki. Ulikuwa mwaka wangu wa mwisho kazini. Nilikaa kwenye stuli asubuhi nzima nikiomba Mungu. Nyuki wakatoka mizingani, wakapita juu ya maua yangu, wakaenda kwa alizeti ya jirani. Mmoja alitua, akaingiza ulimi, akatoka. Hakurudi.

Sasa niko nyumbani Gilgil, na bustani sitaki hata kuiona. Vijana hunifariji: "Shosho, dawa zikipigwa marufuku, nyuki watarudi."

Walirudi, wajukuu wangu. Niliwaona kwa macho yangu. Hawakukuta wa kuwapokea.