Toka Unacheka

Habari kwamba mama mzazi wa Ngollo amefariki ilimkuta Recheli shambani, aking'oa karanga. Hakulia. Aliketi juu ya tuta akakumbatia magoti, akawa anatetemeka katika jua lote lile la Ulyankulu. Msiba ule haukuwa wa kusikia na kupita. Recheli ndiye aliyekuwa mtani mkuu wa ukoo ule, na bila yeye bibi asingezikwa.

Asiyejua mambo haya inabidi aelezwe. Wazazi wa Recheli waliingia hapa kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, na mikeka yao na watoto mgongoni, wakapewa pori walifyeke. Baba yake Ngollo alikuwa Mnyamwezi wa ukoo wa wapagazi, wale ambao babu zao walibeba pembe kutoka Ujiji, wakapita Tabora, hadi pwani. Mzee akaja kuwatazama wageni. Akawaambia kwamba babu zake walivuka nchi za watu wakafika salama kwa sababu moja tu: kila walipolala walifunga utani. Papo hapo akafunga utani na Warundi wa barabara ile, maana vijiji vya makazi huitwa barabara. Tangu siku hiyo, ukoo wake ukifiwa, mtani hushuka kaburini kabla ya maiti na kukataa kutoka. Humo ndani humwigiza marehemu, huwaigiza wafiwa, husema atakalo, na hairuhusiwi kabisa kumkasirikia wala kumgusa. Mwishowe mfiwa mkuu humletea jogoo, humnyooshea mkono, humvuta juu. Hapo utani wa msiba umekwisha, na maziko yanaendelea.

Katika kazi hiyo Recheli hakuwa na mpinzani. Alipozikwa baba yake Ngollo, aliigiza kikohozi cha mzee mpaka katekista akaficha uso kwenye kitabu cha nyimbo. Safari hii alitamani augue.

Mwezi uliopita Kabula, binti mkubwa wa jirani yake Pelagia, alikutwa nyuma ya ghala la tumbaku, nguo zimechanwa. Alikuwa fundi cherehani mwenye maneno mengi, lakini tangu hapo hakutamka neno, hata kwa mama yake. Watu hawakungoja atamke. Zablon, mtoto wa pekee wa Recheli, alikuwa akipasua kuni upande ule mchana ule, na Zablon ni Mrundi. Neno hilo, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa la kutaniana tu, likageuka sumu. Pelagia, aliyezoea kuja kuomba chumvi bila hata kupiga hodi, akaacha kumsalimia. Na Recheli naye, kwa woga, akafanya kosa: alimtorosha Zablon kwenda Nzega kwa mjomba wake. Kijiji kikasema basi, aliyekimbia amejijibu mwenyewe.

Kana kwamba hayo hayatoshi, ulikuwa wakati wa kampeni. Ngollo, mwenyekiti wa wakulima wa tumbaku, mtu wa koti la kaki na fimbo, alikuwa anagombea udiwani. Kila alipopanda jukwaani alisoma takwimu: zaidi ya nusu ya kesi za ubakaji zinatoka kwenye makazi ya wakimbizi. Tumewapokea, alisema, tumewapa ardhi, tumewapa uraia, je, haya ndiyo malipo? Watu waliokuwa kimya mwanzoni wakaanza kupiga makofi. Mpinzani wake, Mwalimu Benjamini, akajibu kwamba kituo cha polisi kiko ndani ya makazi, kwa hiyo vijiji vyote vya jirani hupeleka kesi zao pale pale. Takwimu zinahesabu mahali kesi ilipoandikishwa, hazisemi mhalifu katoka wapi. Yalikuwa maneno ya haki kabisa, na makofi yake yalikuwa machache. Wakabishana hivyo, hesabu kwa hesabu, na katika kelele zote hizo hakuna aliyeuliza kama Kabula amekula.

Benjamini alimfuata Recheli nyumbani. Alikuwa amesikia minong'ono kuhusu Ngollo na wanawake wanaopeleka tumbaku ghalani. Akamwomba, kwa heshima zote, kama ana lolote alijualo amwambie, naye atalisema jukwaani. Zablon atasafishika na kata itaokolewa. Recheli aliona jinsi macho ya mwalimu yalivyong'aa alipofika kwenye neno kata. Akamjibu kwamba yeye ni mjane wa kulima karanga, hajui lolote.

Alijua. Alijua tangu dakika ile walipotaja ghala. Mwaka aliofiwa na mumewe alipeleka tumbaku yake ikapangwe madaraja, na Ngollo akamwambia asubiri wenzake waondoke. Alipomaliza unyama wake alifungua komeo taratibu, akasema, "Nyoosha kitenge chako. Ukifika mlangoni, toka unacheka." Wakati huo Warundi walikuwa bado hawajapata uraia, na neno moja la Ngollo lingeweza kumkwamisha mtu maisha. Halafu nani angemsikiliza? Wangesema ni mtani wake huyo, walikuwa wakitaniana. Kwa hiyo Recheli alitoka anacheka. Wanaosifu kicheko chake hawajui kilianzia wapi. Na katika hesabu zote zile, za Ngollo na za Benjamini, yeye hakuwamo.

Sasa asipokwenda msibani, watasema hatia imemfunga miguu, na Zablon ndiyo kwisha habari yake. Akienda, atakuwa mikononi mwa Ngollo. Alikwenda.

Uwanja ulikuwa umejaa, na kaburi lilikuwa limechimbwa pale pale, hatua chache kutoka jiko la nje. Wanawake walikuwa jikoni, na kati yao Pelagia, na kando ya Pelagia Kabula, ameinamia ungo wa mchele. Recheli aliwaamkia wakubwa, shikamoo kwa shikamoo, mpaka akamfikia Ngollo. Ngollo akampa mkono, akambana vidole kuliko msiba unavyotaka.

"Nilijua utakuja, mtani," alisema kwa sauti ya chini. "Leo uwe na adabu. Nina wageni wa chama. Na mwanao, Nzega si mbali."

Recheli alishuka kaburini. Udongo ulikuwa wa baridi. Aliegemea ukuta wake, akatazama juu, akaona miguu ya watu imezunguka na kipande cha mbingu. Ndipo likamjia wazo lililomtisha kuliko yote: humu hakuna wa kunigusa. Katika Ulyankulu nzima, mahali pekee alipokuwa salama palikuwa kaburi la mtu mwingine.

Alianza na bibi, jinsi alivyokuwa akilalamikia mboga haina chumvi huku anakomba bakuli. Watu wakacheka. Akaomba koti na fimbo, wakamtupia, akatoa kifua mbele na kuwa Ngollo jukwaani: akahesabu wakimbizi kwenye vidole, vidole vikamwishia, akavua viatu aendelee na vya miguu. Hata wageni wa chama walishika mbavu. Ngollo alicheka pamoja nao, kwa sababu asingeweza kutocheka, lakini akaagiza jogoo aletwe upesi. Akaja ukingoni, jogoo kwapani, akanyoosha mkono.

Recheli aliutazama mkono ule. Aliufahamu mkono ule, kucha kwa kucha. Angeushika, angevutwa juu, na mambo yangebaki yalivyokuwa, na Zablon angebaki mwizi wa heshima ya binti ambaye hakumgusa. Akaupa mkono kisogo, akanyanyua kidole, akafungua komeo ambalo halikuwapo, taratibu.

"Wenzako wameshaondoka," alisema kwa sauti ya Ngollo yenyewe. "Nyoosha kitenge chako."

Watu wakacheka kwa mazoea.

"Ukifika mlangoni..."

Hapo sauti ikamkatika. Haikuwa maigizo. Woga wa miaka yote ulimkaba, akabaki mdomo wazi ndani ya shimo, na wale waliokuwa wakicheka wakasubiri kichekesho.

"Toka unacheka."

Sauti ilitoka jikoni, nayo ilikwaruza, maana ilikuwa haijatumika siku nyingi. Kabula alikuwa amesimama. Mchele wote ulikuwa chini, miguuni pake, na alikuwa akimwangalia Ngollo.

Kisha Ngollo akacheka peke yake. Huu ni utani, jamani, alisema, si mnajua mambo ya utani. Kule chini Recheli hakuona sura za watu, aliona miguu tu, na miguu ikaanza kutembea. Jogoo aliachiwa, akakimbia. Chembe za udongo zikamwangukia begani, na Recheli akafumba macho, maana aliamini kabisa kwamba wanamfukia.

Alipoyafumbua, aliona mkono mwingine, wa kike, umegandwa na pumba za mchele. Ulikuwa wa Pelagia.

"Mama Zablon, shika. Tunakwenda kituoni, sisi watatu."

"Nikitoka humu utani umekwisha, Mama Kabula. Atanimaliza."

"Najua," Pelagia akasema. "Shika."

Walikwenda kwa miguu, Kabula katikati. Nyuma yao pikipiki za vijana wa Ngollo ziliwafuata polepole, mwendo wa mtembea kwa miguu. Recheli alihesabu nyumba zilizobaki na kumwomba Mungu aziharakishe. Alikuwa na hakika kwamba wasingefika, na hata walipofika hakuamini.

Askari wa zamu aliwapa benchi. Kwa upole alimuuliza Kabula jina, naye akajitaja. Akauliza jina la mtuhumiwa, na Kabula akalitaja hilo pia, polepole, silabi kwa silabi. Kalamu ya askari ilisita. Akatazama dirishani, kule pikipiki zilikokuwa bado zinanguruma, kisha akauliza swali lililofuata, lile analomuuliza kila mtu: mtuhumiwa ni mwenyeji au mgeni?

Swali hilo Recheli alikuwa ameulizwa maisha yake yote, na hajawahi kuwa na jibu lililotosha.

"Ni wetu," Pelagia akasema. "Andika hivyo."