Kanze na Pedali ya Kushoto

Nyanyangu Kanze hakupanda baiskeli hata siku moja maishani mwake, lakini atakayeniambia kuna fundi wa baiskeli aliyempita kwa akili, tutagombana. Kisa hiki nilikuwepo, ingawa sikuona kitu. Nilikuwa mtoto wa siku tisa. Nyanya alikuwa ametoka kwake Kisauni kuja kwetu Changamwe kumtunza mamangu arubaini yake. Mwaka ni 1948.

Babangu, Kahindi, alikuwa ameahidiwa utarishi katika ofisi moja ya bandarini kwa sharti moja: Jumatatu asubuhi aje na baiskeli yake, nzima, ikaguliwe. Baiskeli alikuwa nayo. Pedali ndizo zilizolika zikabaki vyuma vitupu. Akanunua mpya, na Jumapili alipotoka kanisani akaisimamisha baiskeli uani, akashika spana.

Pedali ya kulia ilimtii. Aliivuta spana upande wa mkono wake wa kushoto, kama inavyofunguliwa nati yoyote, ikatoka. Akahamia ya kushoto akafanya vivyo hivyo. Kumbe hiyo hufunguka kinyume! Kila alivyovuta ndivyo alivyozidi kuikaza, mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

Akatokea jirani yetu Phineas na nyundo, bila kuitwa.

"Bwana Kahindi, chuma kikaidi dawa yake ni hii."

Pigo moja tu, na mkono wa pedali ungepinda, na utarishi ungekwenda na maji. Baba alijua, lakini alikuwa amechoka. Akasogea kando ampishe.

Nyanya alikuwa mlangoni pa jiko akichagua mchele. Miaka minane alikuwa ameuza mihogo ya kukaanga barazani kwa fundi wa baiskeli Mwinyihaji kule Kisauni, na macho yake si ya kulala. Alijua kosa liko wapi. Ila kwetu sisi mtu na mama mkwe wake hawasemezani uso kwa uso; ndiyo heshima yenyewe. Basi akawapa mgongo, akamgeukia kuku aliyekuwa akidonoa chenga miguuni pake.

"Wewe kuku! Simamisha spana juu, kisha ivute kwenye gurudumu la nyuma. Kulia nyuma, kushoto nyuma. Ukifunga, zote mbele. Na huyo mwenye nyundo akapigilie misumari kwake!"

Baba hakugeuza kichwa. Alisimamisha spana juu, akaivuta nyuma kwa nguvu zake zote. Pedali ikalia, ikalegea. Phineas akakumbuka kuwa ana shughuli nyumbani.

Jumatatu baba aliandikwa kazi. Mwisho wa mwezi, Nyanya akiwa bado kwetu, alirudi na jozi ya leso mpya. Hakuingia ndani. Alizitandaza juu ya mkeka, mbele ya kuku yule yule.

"Kuku," akasema, "mpe fundi wangu. Mwambie kazini waliniuliza nani aliyezifunga pedali, nikawaambia ni mama yangu Kanze."

Nyanya alizichukua leso, akazikumbatia kifuani. Akamjibu kuku:

"Mwambie asisahau kuzitia mafuta."

Alipoagwa kurudi Kisauni alichinjiwa jogoo. Kuku yule hakuna aliyethubutu kumgusa. Alikufa kwa uzee.